Swali la ongezeko la watu: njia tatu, majibu matatu (miaka 50, 24 na 29.5). Lipi sahihi, na kwa nini?

Msomi wa Jioni aliuliza:

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba msaada kwenye swali moja la ongezeko la watu. Ninajisomea mwenyewe baada ya kazi na sina mwalimu wa karibu wa kumwuliza.

Swali lenyewe ni hili. Mji ulikuwa na watu 50,000 mwaka 2000. Mwaka 2010 wakahesabiwa watu 80,000. Ikiwa mji utaendelea kukua kwa kasi hiyohiyo, utafikisha watu 200,000 mwaka gani?

Tuko watatu tunaosoma pamoja kwa simu. Wa kwanza anasema watu 30,000 wameongezeka kwa miaka 10, yaani 3,000 kila mwaka. Kutoka 50,000 hadi 200,000 ni watu 150,000; gawanya kwa 3,000 unapata miaka 50, basi jibu ni 2050. Wa pili anasema ongezeko ni asilimia 60 kwa miaka 10, kwa hiyo ni asilimia 6 kwa mwaka. Akaandika 50,000 × 1.06^t = 200,000, akapata karibu miaka 24. Mimi nimefuata fomula ya kitabu, P = P0 × e^(kt), ambapo P0 ni idadi ya mwanzo na t ni miaka, nikapata k = 0.047 na t = 29.5.

Majibu ya nyuma ya kitabu yanasema 2029, kwa hiyo langu ndilo wanalolitaka. Lakini wenzangu wananiuliza yao yana kasoro gani, na sina la kuwajibu. Hiyo asilimia 60 kwa miaka 10, kwa nini isiwe 6 kwa mwaka? Na hii e imetoka wapi? Watu huzaliwa, hufa, huhama, sioni 2.718 inaingiaje hapo. Tena, ile hatua ya kuchukua logi pande zote mbili ninaifanya kwa sababu kitabu kinaifanya. Ningependa kujua inafanya kazi gani.

Natanguliza shukrani.

---

Mwalimu wa Namba alijibu:

Karibu, ndugu yangu. Hili ni swali ambalo nimelifundisha kwa miaka mingi na bado nalipenda, maana mwanafunzi anayeuliza "kwa nini yake si sahihi" tayari ameshavuka fomula.

Tuanze na mwenzako wa miaka 50, maana hesabu zake za kujumlisha na kugawanya hazina kasoro. Tatizo lake liko kwenye dhana aliyoibeba bila kuitamka. Watu 3,000 kwa mwaka katika mji wa watu 50,000 ni watu 60 kwa kila 1,000. Mji ukifika 80,000, watu 3,000 walewale ni 37.5 kwa kila 1,000. Ukifika 200,000, ni 15 tu kwa kila 1,000. Kwa hiyo anatuambia kwamba kadiri mji unavyokua, kila watu elfu moja wanaongeza watu wachache zaidi na zaidi. Huenda kuna mji wa namna hiyo, lakini swali halikusema hivyo. Swali limesema kasi haibadiliki, na kwa idadi ya watu kasi hupimwa kwa kila kichwa: vizazi kwa kila 1,000, vifo kwa kila 1,000, wanaohamia na wanaohama. Watu wakiwa wengi mara mbili, na wanaozaliwa ni wengi mara mbili.

Mwenzako wa pili ameielewa dhana hiyo, ila amegawanya mahali ambapo hapagawanyiki. Mpe kazi ndogo: aanze na 50,000 azidishe kwa 1.06 mara kumi. Atapata 89,542. Waliohesabiwa ni 80,000. Wale 9,542 wa ziada ni watu walioletwa na watu walioongezeka, yaani watoto wa wahamiaji wa mwaka wa tatu, watoto wa watoto, na kadhalika. Asilimia 60 ya miaka 10 imeshawahesabu hao wote ndani yake. Ukiigawanya kwa 10 halafu ukaanza kuzidisha upya, unawahesabu mara ya pili.

Kinachotakiwa ni namba ambayo ukiizidisha yenyewe kwa yenyewe mara kumi inatoa 1.6. Hicho ni kipeuo cha kumi cha 1.6, nacho ni 1.0481. Ongezeko la kweli la kila mwaka ni asilimia 4.81. Sasa aweke 50,000 × 1.0481^t = 200,000 aone. Atapata miaka 29.5, sawa na wewe, bila kuigusa e.

Hapo ndipo pa kujibu swali lako la e. Andika hizi tatu kwenye daftari:

50,000 × 1.6^(t/10)

50,000 × 1.0481^t

50,000 × e^(0.047t)

Hizi si kanuni tatu. Ni kanuni moja iliyoandikwa kwa vizio vitatu, yaani namba tatu tofauti zinazobeba kipeo. Weka t = 10 kwenye kila moja, zote zinatoa 80,000. Weka t = 25, zote zinakubaliana tena, ukiacha tofauti ndogo ya kukadiria desimali. Hakuna aliyekulazimisha kutumia e. Ungeweza kutumia 2 au 10 na jibu lingekuwa lilelile.

Tunaipenda e kwa sababu ya ile k inayokaa karibu nayo. Ukiandika kwa kizio e, k ndiyo kasi ya papo hapo. Mji wenye watu 80,000, katika wakati huo huo, unakua kwa mwendo wa 80,000 × 0.047, yaani watu 3,760 kwa mwaka. Lakini ukisubiri mwaka mzima uishe, utakuta wameongezeka kama 3,850, kwa sababu katikati ya mwaka mji ulishakuwa mkubwa kuliko ulivyoanza. Hiyo ndiyo tofauti ya 4.7 na 4.81 inayowachanganya wengi. Moja ni kasi ya papo hapo, nyingine ni matokeo ya mwaka mzima. Zinaunganishwa na mlinganyo mmoja: 1 + r = e^k, ambapo r ni ongezeko la mwaka mzima. Kila unaposoma swali, tafuta kwanza ni ipi umepewa. Wakisema "huongezeka kwa asilimia 3 kila mwaka", hiyo ni r, na k ni ln 1.03 (ln ni logi ya kizio e), yaani 0.0296. Wakisema "hukua mfululizo kwa kiwango cha asilimia 3", hiyo ni k yenyewe.

Sasa logi. Gawanya kwanza 200,000 kwa 50,000. Swali lote limebaki hivi: 1.0481 izidishwe mara ngapi ili itoe 4? Mpaka hapo hujahitaji logi; unaweza kukaa na kikokotoo ukazidisha mpaka ufike. Lakini "mara ngapi" imekaa juu, kwenye kipeo, na kujumlisha wala kugawanya hakuifikii huko. Logi ndiyo iliyoundwa kujibu "mara ngapi". Inachukua kipeo na kukishusha chini kiwe namba ya kawaida ya kuzidisha:

ln 4 = t × ln 1.0481 = 0.047 × t

t = 1.3863 ÷ 0.0470 = 29.5

Ukitaka kujihakikishia bila fomula, tafuta muda wa kuongezeka maradufu: ln 2 ÷ 0.047 = 14.75. Kutoka 50,000 hadi 100,000 ni miaka 14.75, kutoka 100,000 hadi 200,000 ni 14.75 mingine. Jumla 29.5. Ninawasihi wanafunzi wote wafanye ukaguzi huu, maana unachukua nusu dakika.

Jambo moja la mwisho kwa leo: usikate desimali mapema. Ukiiandika k kuwa 0.05 kwa kuwa inaonekana nadhifu, utapata miaka 27.7, na karibu miaka miwili imepotea kwa namba moja tu iliyokatwa. Acha k ndani ya kikokotoo hadi hatua ya mwisho.

---

Kipeo na Kipeuo alijibu:

Naongezea kwenye maelezo ya Mwalimu kuhusu kizio, maana kuna mfano wa zamani ninaoupenda sana. Mwanahisabati Leonhard Euler, mwaka 1748, aliweka maswali ya namna hii kwenye maandiko yake. Moja linasema: tuseme baada ya gharika walibaki watu sita, na miaka 200 baadaye wakafika 1,000,000. Je, waliongezeka kwa kiasi gani kila mwaka?

Ni swali lako hilihili, ila limegeuzwa: muda unajulikana, kinachotafutwa ni kiwango. Yeye alilitatua kwa majedwali ya logi za kizio 10:

6 × (1 + x)^200 = 1,000,000

200 × log(1 + x) = log(1,000,000 ÷ 6) = 5.22185

log(1 + x) = 0.02611

1 + x = 1.06196

Yaani karibu sehemu moja ya kumi na sita kwa mwaka. Jaribu mwenyewe kwa ln badala ya log, utakuta 1.06196 ileile. Na usisahau kwamba Euler ndiye aliyeizoesha dunia herufi e; hata hivyo swali la watu alilifanya kwa kizio 10, kwa kuwa ndiyo majedwali yaliyokuwepo mezani.

Alikuwa na jingine: watu wakiongezeka maradufu kila miaka 100, ongezeko la mwaka ni kiasi gani? Jibu lake ni karibu sehemu moja kati ya 144. Hilo nakuachia ulithibitishe.

---

Msomi wa Jioni:

Mwalimu, Mungu akubariki. Nimewasomea wenzangu kile kipande cha watu 60, 37.5 na 15 kwa kila 1,000, na wa miaka 50 ameelewa palepale. Wa pili amezidisha 1.06 mara kumi kwa mkono wake, akaziona 89,542.

Kipeo na Kipeuo, la Euler nimelifanya: ln 2 ÷ 100 = 0.00693, halafu e^0.00693 − 1 = 0.00696. Moja gawanya kwa hiyo ni 143.8. Nimefurahi kwa namna nisiyoweza kueleza.

Sasa nimekutana na lingine ambalo t iko pande zote mbili. Mji wa kwanza ni uleule, 50,000 × e^(0.047t). Wa pili una watu 120,000 na unakua taratibu, 120,000 × e^(0.01t). Lini idadi zao zitalingana? Nikichukua logi moja kwa moja napata mambo mengi, na mwenzangu mmoja ameandika kwamba ln(50,000 × e^(0.047t)) ni 50,000 × 0.047t. Hiyo inaruhusiwa?

---

Kipeo na Kipeuo:

Hairuhusiwi. Logi ya vitu viwili vilivyozidishwa ni logi ya kimoja kujumlisha logi ya kingine. Kwa hiyo ni ln 50,000 + 0.047t. Ile 50,000 haiwezi kutoka nje ya logi ikiwa nzima.

Njia safi ni kukusanya kabla ya logi. Gawanya pande zote kwa 50,000, kisha gawanya kwa e^(0.01t):

e^(0.037t) = 2.4

t = ln 2.4 ÷ 0.037 = 0.8755 ÷ 0.037 = 23.7

Miaka 23.7. Ona kwamba kilichobaki kwenye kipeo ni tofauti ya kasi zao, 0.047 − 0.01. Mji mdogo unaufikia mkubwa kwa tofauti hiyo tu, na kilichobaki kwenye logi ni uwiano wa ukubwa wao wa mwanzo.

---

Mhesabu Wanyama alijibu:

Wakuu, nimesoma uzi huu kwa makini na hesabu zote ziko sawa. Ila nina wasiwasi na kitu kimoja, na nakisema kwa sababu kazi yangu ni kuhesabu wanyamapori na nimeona kanuni hii ikitumiwa mbali kuliko inavyoweza kubeba.

Chukueni idadi ya watu duniani. Makadirio yanayotumika sana yanasema tulifika bilioni 1 karibu mwaka 1804, bilioni 2 mwaka 1927, bilioni 4 mwaka 1974 na bilioni 8 mwaka 2022. Kila hatua ni maradufu. Kama k ingekuwa haibadiliki, kila hatua ingechukua muda uleule. Lakini ya kwanza ilichukua miaka 123, ya pili 47, ya tatu 48. Mtu aliyeketi mwaka 1927 na k ya 0.0056 aliyoipata kwenye miaka 123 iliyopita angetabiri bilioni 4 mwaka 2050, akachelewa kwa miaka 76. Na leo ongezeko la dunia liko chini ya asilimia 1 kwa mwaka, kwa hiyo anayeendeleza maradufu ya miaka 48 atakosea upande wa pili.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa kisiwa cha St. Matthew, katika Bahari ya Bering, upande wa Alaska. Mwaka 1944 walipelekwa huko reindia 29, wanyama wa jamii ya kulungu wa nchi za baridi. Hakukuwa na mnyama wa kuwawinda. Mwaka 1957 walihesabiwa 1,350. Tafuteni k:

ln(1,350 ÷ 29) ÷ 13 = 3.841 ÷ 13 = 0.295

Mwaka 1963 walikuwa 6,000. Kwa miaka hiyo sita k ni ln(6,000 ÷ 1,350) ÷ 6 = 0.249. Imeshaanza kushuka, na aliyekuwa makini angeshtuka hapo, kwa sababu namba 6,000 ni kubwa na inatia moyo lakini k inasema mambo si yaleyale. Kuvumwani, chakula chao cha majira ya baridi, kilikuwa kimeliwa kikaisha. Ukaja msimu mkali wa baridi wa 1963 hadi 1964. Mwaka 1966 walihesabiwa 42.

Ile k ya kwanza, 0.295, ingetabiri zaidi ya 19,000 kwa mwaka 1966.

Kwa hiyo ombi langu kwa Msomi wa Jioni na wenzake: hesabu mbili, ya 2000 na ya 2010, hazitoshi kukuambia kwamba mji unakua kwa kipeo. Kupitia nukta mbili unaweza kupitisha mikunjo mingi tofauti.

---

Mwalimu wa Namba:

Nakushukuru sana kwa mfano huo. Nimekaa nao kitambo kabla ya kuandika.

Na logi hiyohiyo ndiyo inayotusaidia kugundua tatizo hilo mapema. Chukua idadi za miaka mbalimbali, angalau tatu, na zaidi ni bora. Badala ya kuchora P dhidi ya mwaka, chora ln P dhidi ya mwaka. Kama ukuaji ni wa kipeo, nukta zitalala kwenye mstari mnyoofu na mteremko wa mstari huo ndio k. Kama mstari unapinda kuelekea chini, k inapungua, na utabiri wa kipeo utazidisha. Reindia wale: ln 29 ni 3.37, ln 1,350 ni 7.21, ln 6,000 ni 8.70. Chora hizo tatu kwenye 1944, 1957 na 1963. Mstari umepinda, na mpindo huo unaonekana kwa macho miaka mitatu kabla ya ile 42.

Kwa mahali ambapo nafasi au chakula kina kikomo, mwanahisabati Pierre François Verhulst alipendekeza mwaka 1838 kanuni inayopunguza kasi kadiri idadi inavyokikaribia kikomo hicho:

P = K ÷ (1 + A × e^(−kt))

K ni kikomo, na A ni (K − P0) ÷ P0. Msomi wa Jioni, utakutana nayo sura inayofuata, basi nikuonyeshe kwamba logi inaitatua vilevile. Tuseme kikomo ni samaki 1,000, bwawa limeanza na 100, k ni 0.4 kwa mwaka. A ni 900 ÷ 100 = 9. Lini watafika 500? Weka P = 500:

1 + 9 × e^(−0.4t) = 2

e^(−0.4t) = 1 ÷ 9

t = ln 9 ÷ 0.4 = 5.5

Miaka mitano na nusu. Hapo kwenye nusu ya kikomo ndipo samaki huongezeka kwa wingi kuliko wakati mwingine wowote. Kabla ya hapo wazazi ni wachache, baada ya hapo nafasi ndiyo inayokuwa chache. Tahadhari moja: hata kanuni hii isingeijua ile 42. Verhulst anachukulia kwamba kikomo kinakaa palepale, ilhali reindia walikila kikomo chenyewe.

---

Msomi wa Jioni:

Nimechora ln P ya reindia kwenye karatasi ya mraba. Mteremko wa kipande cha kwanza na cha pili hautofautiani sana kwa macho, lakini ukiweka rula unaona.

Swali la mwisho, Mwalimu. Nikipewa swali la mji wangu kwenye mtihani, wenye nukta mbili tu, niandike haya yote?

---

Mwalimu wa Namba:

Kwenye mtihani, umeambiwa kasi haibadiliki, kwa hiyo dhana umepewa na si kazi yako kuipinga. Andika mstari mmoja juu: "Tunachukulia kwamba kiwango cha ukuaji kwa kila mtu hakibadiliki." Halafu P = 50,000 × e^(kt), k = ln 1.6 ÷ 10, t = ln 4 ÷ k = 29.5, na mji utafika 200,000 katikati ya mwaka 2029. Weka vipimo, miaka na watu, kila mahali. Ukibakiwa na dakika, kagua kwa maradufu mbili za 14.75.

Ukikuta wamekupa idadi tatu au nne kwenye jedwali badala ya mbili, hapo wanataka uchore ln P kwanza. Anza na mchoro kabla hujagusa fomula.